Nimchukue mwalimu Mtanzania au Mchina mwenyewe? Jibu kwa dada wa mabegi Kariakoo

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dar, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nauza mabegi ya kike Kariakoo, mzigo nachukulia Guangzhou kupitia wakala. Nimejifunza Kichina kwa apu ya simu karibu mwaka, maneno nayajua mengi tu lakini nikimtumia voisi mwenye duka wa kule anasema hajaelewa, niandike. Sasa nataka mwalimu wa kunifundisha peke yangu. Nimepata wawili, Mtanzania aliyesoma China na dada wa Kichina anayefundisha kwa vidio akiwa hukohuko kwao, bei yake karibu mara mbili. Nichukue yupi? Na lazima nijue yale maandishi yao? Na mambo ya utamaduni wao yanafundishwa au unayaokota tu?"

Marahaba dada yangu, na hongera, mwaka mzima na simu bila mtu wa kukusukuma sio jambo dogo.

Nianze na hilo la kutoeleweka maana ndo linalobeba mengine yote. Wewe huna shida ya maneno, una shida ya sauti, na apu haijawahi kukusahihisha kwa sababu nyingi zinakupa majibu manne uchague moja, ukibonyeza la sawa unasonga mbele, hakuna anayesikia mdomo wako umetoa nini. Kwa hiyo mwalimu unayemtafuta kazi yake ya kwanza sio kukuongezea maneno, maneno utayapata mwenyewe hata kwenye daladala. Kazi yake ni kukusikiliza na kukukatiza. Mwalimu anayekuacha uongee sentensi nzima umeharibu toni tatu (toni ni ule upandaji na ushukaji wa sauti unaobadilisha maana ya neno) alafu anakwambia "vizuri sana" huyo anakula hela yako, awe Mchina awe Mtanzania.

Tuangalie maneno ya kazi yako mwenyewe. Mǎi, sauti inayoshuka chini na kupanda kidogo, ni kununua. Mài, sauti inayodondoka kwa nguvu, ni kuuza. Herufi zilezile, toni tofauti, na ndo maneno mawili unayoyahitaji kuliko yote. Shísì ni 14, sìshí ni 40. Sasa ongeza kwamba unaongea na mtu wa Guangzhou, kusini mwa China, na watu wengi wa kusini hawakunji ulimi kwenye sh, wanaitamka kama s, kwa hiyo kumi inakuwa sí na nne ni sì, kinachobaki kukutofautishia ni toni peke yake. Hapo apu yako ilikufundisha kwa sauti ya mtangazaji wa Beijing ambaye kila kitu kimenyooka. (Na wakiwa wanaongea wao kwa wao usishtuke ukiambulia patupu, hicho ni Kikantoni, sio Kichina unachojifunza. Wakikugeukia wewe wanahamia Mandarini, ndo Kichina unachojifunza.)

Kwanini sisi Waswahili tunateleza palepale kila siku, hili nimelisikia kwa wanafunzi wengi mno. Kiswahili mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, mdomo umezoea kunyanyua hapo, basi tunaunyanyua hata kwenye Kichina ambako hakuna wa kunyanyuliwa. Alafu sisi swali tunaliuliza kwa wimbo, "umekula?" na "umekula" tofauti yake ni sauti tu. Sasa ukimuuliza Mchina guì bu guì, yaani ni ghali au sio ghali, guì ya mwisho inatakiwa idondoke, wewe unaipandisha kwa sababu unauliza, na ukishaipandisha sio guì tena. Kichina hakihitaji wimbo wa swali, swali lishajengwa ndani ya maneno yenyewe. Mwalimu akikuonyesha hili siku ya kwanza na akakuzoesha kuuliza huku sauti inashuka, utaona tofauti kubwa kwenye voisi zako.

La tatu ni pumzi, na nadhani hili ndo linalokuponza zaidi. Kwenye pinyin, zile herufi za kirumi wanazotumia tangu 1958 kuandikia matamshi, p, t na k zinatoka na pumzi, weka kiganja mbele ya mdomo uisikie. Zile b, d na g zinatoka bila pumzi, karibu na p, t na k za Kiswahili cha bara. Maana yake ukisoma p ya Kichina kwa p yetu, wao wanasikia b. Angalia unapoharibikiwa: piányi, bei rahisi, bila pumzi inakuwa kitu kama biányi. Tài guì le, ghali mno, inakuwa dài. Kuài, ndo jina la mtaani la yuani, pesa yao, inakuwa guài, neno lenye maana ya "ajabu". Yaani maneno yote matatu ya kupatana bei yamevunjika na wewe hujui. Watu wa Mombasa na Lamu wenye Kiswahili cha zamani hawana tabu hapa, paa la nyumba na paa mnyama wanavitofautisha kwa pumzi hiyohiyo. Na kama nyumbani mlikuwa mnaongea Kichaga, Kihaya au Kisukuma basi sikio lako la toni lipo, maana lugha hizo zina toni. Vilevile Kikuyu na Kijaluo kwa ndugu zetu wa Kenya. Kiswahili ndo kimelilaza.

Kuna na n na ng za mwisho wa neno. Sisi tunapenda kufunga neno kwa irabu, Beijing inakuwa "Beijingi". Ng' tunayo kwenye ng'ombe, ifunge hapo uache, usiongeze i.

Haya, sasa yupi. Kwa hali yako ningeanza na Mtanzania, miezi minne mitano ya kwanza, kwa sharti kwamba amefaulu jaribio ntakalokupa hapo chini. Sababu ni kwamba Mchina mzuri atasikia umekosea lakini mara nyingi hawezi kukwambia umekosea nini, kwake hiyo sauti haijawahi kuwa ngumu, atarudia neno vizuri mara tano na wewe utarudia vibaya mara tano na wote mtachoka. Mtanzania aliyepita njia hiyohiyo anajua ulimi wa Mswahili unateleza wapi, na mambo kama ile "le" inayokaa mwisho wa sentensi, kijineno cha kuonyesha jambo limeshatokea au limebadilika, anaweza kukueleza kwa Kiswahili kwa dakika kumi badala ya wewe kuhangaika nayo kwa Kiingereza cha kuungaunga cha watu wawili. Baadae ndo umlete yule dada wa China, hata mara moja kwa wiki, kwa ajili ya kasi na kwa ajili ya jinsi watu wanavyoongea kweli, hapo bei yake itakuwa halali.

Lakini kusoma China peke yake sio cheti cha matamshi. Wapo waliosoma uhandisi au udaktari kule kwa Kiingereza, miaka mitano, na Kichina chao ni cha kuagizia chakula. Muulize ana HSK, ule mtihani rasmi wa China wa kupima Kichina cha wageni, ngazi ya ngapi. Kwenye mfumo wa ngazi sita, mtu wa kukufundisha ningependa awe na 5 au 6, ya tano ni maneno 2,500 na ya sita ni 5,000. Alafu mwombe akurekodie sentensi tatu nne, mtumie huyo mwenye duka wako Guangzhou umuulize kama anamuelewa huyu mtu. Sio dharau, unalinda hela yako.

Jaribio lenyewe ni hivi, wafanyie wote wawili kwenye kipindi cha majaribio. Usiwaambie unawapima. Soma mǎi na mài, soma 14, 40 na 44, sema piányi yìdiǎn, "punguza kidogo", useme kama unavyosema siku zote. Angalia anafanya nini. Anakukatiza? Anakwambia ulimi wako au pumzi yako imefanya nini, au anarudia tu? Anakusubiri mpaka utoe ya sawa kabla ya kuendelea? Na akikukatiza unajisikia kuendelea au kunyamaza, maana hilo nalo lina uzito, mtu mzima akiaibishwa mara mbili hafungui mdomo tena. Anayekukatiza kila baada ya sauti mbaya na bado unatamani kuongea, huyo mlipe hata kama ni ghali.

Ukiwa peke yako usiku kuna njia ya bure ya kujipima. Weka kibodi ya Kichina kwenye simu, bonyeza maiki uongee, uone inaandika nini. Tumia neno mojamoja, sio sentensi, kwenye sentensi simu inakisia na kukusitiri makosa.

Upande wa ratiba, China yote inatumia saa moja tu na imetutangulia saa tano. Ukifunga duka saa mbili usiku kwake ni saa saba usiku, hakuna mwalimu hapo. Kipindi chenu ni asubuhi kabla hujafungua, saa kumi na mbili yako ni saa tano asubuhi yake. Na hapohapo jihadhari na saa yenyewe, wao wanahesabu kama Wazungu, akikwambia qī diǎn usitafsiri saba ukaja saa saba, ni saa moja. Vipindi viwili vya dakika arobaini na tano kwa wiki ni bora kuliko kimoja cha saa mbili, sikio linachoka, baada ya saa nzima ya toni husikii kitu.

Na usimwachie mwalimu akuchagulie kila kitu. Kitabu cha kuanzia kitakufundisha maktaba iko wapi na huyu ni mwanafunzi wa Ufaransa, sawa, sarufi utaipata, lakini wewe peleka vitu vyako. Peleka voisi za mwenye duka msikilize pamoja. Mwambie unataka yàngpǐn, sampuli, xiànhuò, mali iliyopo tayari dukani, qǐdìngliàng, oda ya chini kabisa wanayokubali, lāliàn, zipu, zhēn pí, ngozi halisi. Mwigize mnapatana bei yeye akiwa muuzaji mkaidi. Dakika ishirini za hivyo zinakupa zaidi ya kurasa kumi.

Namba zipewe muda wake kabisa maana pesa inapotelea hapo. Ukisikia yìbǎi wǔ utadhani ni 105. Hapana, ni 150. Mia na tano wanaweka sifuri katikati, yìbǎi líng wǔ. Ukiambiwa dǎ bā zhé, "punguzo la nane", usifurahi kwamba umepunguziwa asilimia 80, maana yake unalipa asilimia 80, umepunguziwa 20. Hesabu kubwa wanazikata kwenye elfu kumi, wàn, kwa hiyo laki yetu ni shí wàn na milioni ni yìbǎi wàn, hii izoee mpaka usifikirie maana mkiwa kwenye kikokotoo na mtu anakusubiri hutapata muda wa kutafsiri. Na bei ya kitu cha kupima ikitajwa kwa jīn ni nusu kilo, sio kilo.

Sarufi isikutishe. Kitenzi hakibadiliki, hakuna ni-u-a-tu, hakuna -na-li-ta, unasema "mimi kesho nunua begi" na iko sawa. Kinachosumbua ni kwamba huwezi kusema begi mbili hivihivi, lazima kipimo, yaani kijineno cha kuhesabia, kikae katikati, liǎng gè bāo, begi mbili, liǎng xiāng, katoni mbili, karatasi na meza zina kipimo chao zhāng, suruali na barabara na samaki wana chao tiáo. Wewe uliyekua na ngeli, unayejua bila kufikiri kwamba kiti ni hiki na mti ni huu, utalizoea mapema kuliko Mzungu.

Maandishi. Hapa najua unataka niseme sio lazima, na walimu wengi watakwambia hivyo ili usikimbie. Mimi nasema kuandika kwa mkono ndio, unaweza kuacha, kujua kusoma usiache. Sababu ya kwanza ni kwamba biashara yenyewe inafanyika kwa maandishi kwenye WeChat, apu yao ya kutumiana ujumbe. Ukiandika mai kwa pinyin simu inakuletea orodha, na wewe ndo unachagua 买 au 卖. Angalia vizuri, kuuza ni kununua kulikoongezewa msalaba juu, ukishaona hivyo hutasahau. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Malipo ya awali ya oda yanaitwa dìngjīn. Kuna 定金 na kuna 订金, zinatamkwa sawasawa kabisa, toni zilezile, hata Mchina hawezi kuzitofautisha kwa sikio. Kisheria kule sio kitu kimoja. Hiyo ya kwanza ukiivunja oda wewe pesa imekwenda, akiivunja muuzaji anatakiwa akurudishie mara mbili. Ya pili kwa kawaida inahesabiwa ni malipo ya mapema tu, haina nguvu hiyo. Mtu anayejua Kichina cha mdomo peke yake atasikia dìngjīn, atakubali, atatuma pesa. Wewe unatakiwa ujue kuangalia herufi ya kwanza kwenye risiti.

Na herufi sio michoro ya kukariri moja moja. Nyingi zimejengwa kwa vipande viwili, kimoja kinadokeza maana kingine kinadokeza sauti. Chukua 青, qīng. Ukiweka maji pembeni inakuwa 清, safi au angavu, ukiweka jua inakuwa 晴, anga iliyotakata, ukiweka maneno inakuwa 请, tafadhali, na zote zinasomeka qing kwa toni zake. Mwambie mwalimu akufundishe kwa familia hivyo. Anza na zilizo kwenye kazi yako, rangi, namba, ngozi, zipu, bei. Pakua Pleco, ndo kamusi ambayo karibu kila mwanafunzi wa Kichina anaitumia, ya kawaida ni bure.

Utamaduni unafundishwa, ila sio kwa somo la "leo tunajifunza utamaduni" lenye picha za joka na taa nyekundu. Unafundishwa ndani ya sentensi. Mfano kumwita mtu. Jina la ukoo linatangulia, kwa hiyo Wang Li ni wa ukoo wa Wang, humwiti Li kama rafiki yako. Unamwita Wáng lǎobǎn, bosi Wang, mwanamke aliyekuzidi kidogo Wáng jiě, dada Wang, mwalimu wako Wáng lǎoshī, dereva au fundi ni shīfu. Sisi wenye dada, kaka, mjomba na shikamoo tunalielewa hili kirahisi, na Mchina akisikia mgeni anamwita kwa cheo chake anabadilika usoni hapohapo. Kinyume chake ni salamu. Sisi tunaulizana za nyumbani, watoto, kazi, ndo tuingie kwenye shughuli. Yule atakujibu nǐ hǎo, unataka nini, usimuone mkavu, hajakudharau, ndo mwendo wa dukani kwao. Wazee bado wanasalimiana kwa kuulizana umekula, na hapo jibu ni kwamba umekula, hakualiki chakula.

La muhimu kuliko hayo ni jinsi wanavyokataa. Hapana ya wazi ni ngumu kuitoa kwa sababu inamvunjia mtu heshima yake, miànzi, uso wake mbele za watu. Ukiomba mzigo utoke Ijumaa akajibu "bú tài fāngbiàn", sio rahisi sana, hiyo ni hapana. Akisema "kǎolǜ kǎolǜ", ngoja tufikirie, usikae unasubiri kama ameahidi. Nasi tunayo "tutaangalia" yetu kwa hiyo sikio lipo. Na mzigo ukija na kasoro usimlipue kwenye kundi la WeChat ambalo wafanyakazi wake wamo. Mfuate pembeni, tuma picha, mpe nafasi ya kurekebisha yeye mwenyewe. Utapata ulichotaka, na uhusiano unabaki.

Kalenda yao mwombe mwalimu akupitishe pia, hiyo nayo ni utamaduni na ni pesa. Mwaka Mpya wao unatembea kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, 2027 unaangukia tarehe 6 Februari, na kiwanda hakifungi siku moja, wafanyakazi wanarudi mikoani kwao, wiki kadhaa zinapita, na wengine hawarudi kiwanda kilekile. Oda ya kabla ya hapo iwahi. Oktoba mosi ni sikukuu ya taifa, nayo wiki nzima.

Ukiuliza itachukua muda gani, Wamarekani wanaofundisha wanadiplomasia wao wanakipangia Kichina saa zipatazo 2,200 za darasa mpaka mtu afanye nacho kazi rasmi, kwa hiyo tangazo lolote la "ongea Kichina miezi mitatu" lipite. Lakini wewe hutafuti ubalozi. Kwa vipindi viwili kwa wiki na nusu saa yako ya kila siku, ndani ya miezi sita au nane voisi zako zinaweza kueleweka bila kurudia, na kupatana bei utapatana. Mtihani wa HSK sio lazima kwa biashara. Ukiutaka siku moja, kwa ajili ya kusoma kule au kuombea udhamini, Taasisi za Confucius, vituo vya kufundishia Kichina vinavyoungwa mkono na China, zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Dodoma tangu 2013, ulizia pale. HSK 1 na 2 za mfumo wa ngazi sita karatasi inakuwekea pinyin juu ya herufi, kuanzia ya 3 hakuna pinyin, na viwango vipya vya ngazi tisa vilitangazwa 2021, kwa hiyo kabla ya kununua vitabu au kulipia waulize mtihani wanaoufanyisha sasa ni wa mfumo upi.